Baraza Iliyotazama Lami

Ilianza Jumamosi, katika likizo ya Agosti ya mwaka wa themanini na sita, saa mbili na robo asubuhi. Saa naijua kwa sababu baba aliitazama ya mkononi mwake kabla hajainua mtaimbo, akatutajia mimi na mama ili tuje tuikumbuke. Kisha akaupiga ukuta wa nyuma. Chokaa ya zamani ilimwagika na vumbi lake, na humo vumbini wakatoka mende wekundu, wanene, wakanipita miguuni wakikimbilia chumba tulichokuwa tukilala.

"Kuanzia leo," baba alisema, "nyumba hii yageuka."

Tulikuwa tumetoka Tanga kabla ya masika. Baba ni mshoni, na kwetu kulikuwa hakuna kitambaa wala uzi, cherehani ilikaa imefunikwa shuka kama maiti. Ami yake alikuwa amefia Likoni bila kuacha mtoto, akaacha nyumba. Basi tukavuka mpaka na cherehani, magodoro na vyungu vya mama. Mama aliwaaga watu kwamba twenda ng'ambo, ingawa ng'ambo yenyewe mtu huondoka asubuhi na jioni akawa keshafika. Kufika ndiko kulikokuwa rahisi.

Nyumba ilikuwa ya mawe ya matumbawe na chokaa, dari ya boriti, na juu ya dari makuti yaliyooza. Ilijengwa ikitazama njia ya zamani ya miguu iliyokuwa ikienda visimani. Njia hiyo ilikufa siku walipotia lami ya kwendea feri upande wa pili. Kwa hivyo mlango wetu ulitazama vichaka na jaa la mtaa, na watu wote wa Likoni wakawa wanapita mgongoni mwetu. Baba hilo lilimuuma kuliko makuti yanayovuja. Alisema mtu hawezi kuanza maisha katika nchi ya watu akiwa amewapa watu kisogo.

Lakini kabla ya ukuta kulikuwa na popo, na popo nitawasema, maana ni mimi niliyewasafisha. Walikaa baina ya boriti na makuti, sijui ni mamia au zaidi. Kinyesi chao kilikuwa kimejaa juu ya dari kikawa kama unga wa kahawa uliorowana, na kila mtu alipotembea kilipukutika kutoka kwenye nyufa, kikaingia kitandani, ndani ya chai, shingoni. Baba alichoma pilipili kavu ndani ya karai ili kuwafukuza. Tuliohama ni sisi. Popo walitoka baadaye kwa hiari yao, na mimi nikapewa ufagio na kanga ya kujifunga puani, nikakishusha kinyesi karai kwa karai. Kilikuwa na joto. Hilo ndilo sitalisahau, kwamba nilitia mkono nikakuta joto. Nilikwenda skuli ya harambee wiki ile ya kwanza nikijinusa viganja chini ya dawati, na kwa kuwa Kiingereza cha mwalimu kilinipita, sikuwa na kazi nyingine ya kufanya darasani ila kujinusa.

Hayo niliyavumilia. Nisichoweza kukivumilia ni choo.

Nyumba haikuwa na choo. Tulizunguka siku tuliyofika, mama na mimi, tukitafuta kwa macho bila kusema, tukaona uwanja wa majani tu. Baba alisema labda marehemu alikuwa akienda kwa jirani. Hakuna aliyeuliza. Maiti haulizwi alikokuwa akienda haja, na jirani haulizwi kama maiti alikuwa akija kwake. Basi nasi tukawa twaenda kwa jirani.

Jirani alikuwa bibi wa Kidigo, mtu wa heshima, na uani kwake kulikuwa na mumewe mzee, mjukuu wake wa kike aliye rika langu, na wanawe wawili watu wazima waliokuwa wakisukuma mikokoteni sokoni Kongowea. Walirudi mchana na kujilaza kwenye mkeka hapo hapo uani. Ili nifike chooni ilinibidi nipite mbele ya mkeka ule nikiwa na kopo la maji mkononi, na kwa kuwa ni wakubwa wangu ilinibidi niwaamkie.

"Shikamoo."

"Marahaba. Maji wayapeleka wapi, Mtanga?"

Niliongeza mwendo.

"Amwagilia mchicha," mwenzake alijibu.

"Asubuhi aliumwagilia. Mchicha gani huo usioshiba maji?"

Walicheka kwa upole, hawakuwa watu wabaya. Ila nilipotoka walikuwa bado wapo, wakaniuliza mchicha waendeleaje. Choo chenyewe kilikuwa na gunia mahali pa mlango, na gunia halikufika chini. Ubao wa kukanyagia ulikuwa umelowa sikuzote, na ukichungulia, jambo ambalo nilijikataza nikalifanya kila mara, funza walikuwa wakichemka. Siku zangu za mwezi nilikaa bila kunywa maji tangu asubuhi hadi magharibi ili nisipite mbele ya mkeka. Vitambaa nilivifua ndani ya ndoo chumbani, na yale maji mekundu nikayamwaga dirishani upande wa vichaka, na nzi wakajua. Nilikuwa na miaka kumi na sita na nilijiona kama mnyama.

Nilimwambia mama, mama akamwambia baba. Baba aliahidi. Jiko la marehemu lilikuwa limeanguka, mawe yake yamerundikana kando, na baba alikuwa amenunua chokaa akairoweka shimoni ili ikomae, mimi na mama tukiichotea maji. Alituambia: mawe yale na chokaa ile ni choo chenu, chenye kuta nne na mlango wa mbao, kabla skuli haijafunguliwa Septemba. Alisema "inshallah" na mimi nikaitikia kwa moyo kuliko ninavyoitikia dua msikitini.

Kisha ndipo akageuza nyumba. Tundu alilolitoboa Jumamosi ile likawa mlango wa mbele, na mlango hautoshi bila baraza. Kufikia alasiri nilimwona anabeba jiwe kutoka kwenye rundo letu.

"Baba, hayo ni ya choo," nilisema. Sauti yangu ni ndogo, mtu akitaka huweza kusema hakuisikia.

Aliisikia. "Choo hakikimbii, mwanangu. Sikiliza. Kwetu mtu akiugua, ukoo waja. Hapa nani atakuja? Ugenini mtu hana ukoo, ana baraza. Watu wakiketi kwako, siku ukifa watajua wewe ni wa kuzikwa."

Mama alikuwa akipepeta mchele. Hakuinua uso.

Alichagua mahali kando ya mlango ambapo ardhi ilikuwa laini. Kila mahali pengine mtaimbo ulikuwa ukigonga mwamba, lakini pale uliingia kama kisu kwenye boga. Udongo ulikuwa mweusi. Baba alifurahi, akasema ardhi yenyewe imemkaribisha. Bibi jirani alipita na kikapu chake, akasimama, akatazama sana.

"Hapo ndipo mtakapoketisha watu?"

"Hapa hapa, bibi. Patazama barabara."

"Haya," alisema. "Mungu atie baraka." Akavuta buibui mdomoni akaenda zake haraka haraka.

Kwa siku chache baraza ikawa tayari, ndefu ya kuketi watu sita, imepakwa chokaa nyeupe hadi yaumiza macho. Na wazee wakaja. Nasema kweli, baba alikuwa na haki katika hilo. Baada ya sala ya alasiri walikuja wakaketi, akiwa mbele yao mume wa bibi jirani, na baba akatoa kahawa. Mimi kazi yangu ilikuwa kusimama nyuma ya mlango mpya na kupitisha birika na sahani kwa mkono, wanione mkono tu. Niliwasikia wakimwuliza baba habari za Tanga, wakimwita "mwenzetu". Nilimsikia baba akicheka kicheko ambacho sikukisikia tangu tuvuke mpaka.

Na palikuwa na uvundo.

Mwanzo baba alisema ni popo. Akapanda darini, hakukuta popo. Akasema ni kinyesi kilichonywewa na boriti. Akanituma nizisugue kwa maji ya majivu, nikazisugua mpaka vidole vikachubuka, na alasiri uvundo ukawa pale pale. Haukuwa wa popo. Wa popo naujua, unawasha puani. Huu ulikuwa mzito, mtamu kidogo, unakaa nyuma ya ulimi. Baba akaanza kufukiza ubani barazani kabla wageni hawajafika. Ubani ukichanganyika na uvundo ule hutoka kitu cha tatu ambacho sina jina lake. Wazee walikuja, wakaketi, wakanywa kahawa yao. Jua lilipochoma baraza, mende walitokeza kwenye viungo vya mawe, wakasimama wakipunga sharubu. Hakuna mzee aliyesema neno. Mmoja alikuwa na desturi ya kuwakung'uta kwa ncha ya kanzu huku akiendelea na hadithi yake.

Aliyenieleza ni yule mjukuu wa jirani. Nilikuwa natoka chooni kwao, nimeukwepa mkeka kwa kuvizia wajomba zake wamelala, naye akanisubiri penye ndoo, amejaa kicheko.

"We Mtanga, nikuulize. Nyinyi kwenu choo hukipaka chokaa mkakikalia?"

"Choo gani?"

"Babako amewakalisha wazee wetu juu ya choo cha marehemu. Hujui? Kilititia zamani, wakatupa udongo, majani yakaota. Nyumba ilipokuwa yatazama kule, pale si ndipo palikuwa nyuma?"

Nilimtazama. Ilinijia yote kwa pamoja, ardhi laini, udongo mweusi.

"Mbona hamkusema?"

"Nani aseme? Bibi ametukataza. Mgeni hakosolewi nyumba yake. Tena babu amesema asiyekwenda kuketi atakuwa amemtukana mtu ambaye hajafanya kosa. Basi huenda. Akirudi avua kanzu mlangoni, bibi aifua, kila siku yuafua. Jana babu amekuja na mende mfukoni."

Alicheka akashika tumbo. Mimi nilitapika. Sikukusudia, nilitapika pale penye ndoo yao, naye akaacha kucheka akanimwagia maji mikononi.

Nilikwenda kwa mama. Alikuwa ameketi penye mafiga, akikuna nazi. Nikamwambia kila kitu, si kwa ajili ya baba bali kwa tamaa, naandika kama ilivyokuwa. Kwa sababu nilikuwa nimeshapiga hesabu kichwani. Baba akijua, baraza itavunjwa. Baraza ikivunjwa, mawe yatarudi kuwa choo.

"Najua," mama alisema.

"Wajua?"

"Nilijua aliposhusha mtaimbo. Nimezaa, nimeuguza, nimekosha maiti. Harufu ile naijua. Kisa chake tu ndicho sikuwa nacho."

"Basi mwambie."

Alikuna kidogo. "Babako tangu tuje hapa halali. Sasa alala. Mwache apate watu kwanza."

"Na mimi?"

"Wewe utasubiri. Mimi sisubiri?"

Hilo lilinichukiza kuliko funza. Nilimtazama mama, na mikono yake yenye machicha, nikawaza kwamba hata yeye hupita mbele ya mkeka ule na kopo lake, mwanamke wa makamo, na vijana wale humwamkia na kumwuliza hali huku wakijua vyema aendako. Amekubali hayo ili baba apate usingizi. Na wazee wamekubali kukaa juu ya kinyesi cha marehemu ili wasimtie mtu aibu. Watu wote walikuwa wema, na wema wote ule ulinuka.

Ijumaa ya mwisho ya likizo baba alinunua halua. Skuli ilikuwa ifunguliwe Jumatatu. Chokaa iliyobaki shimoni alikuwa ameipaka barazani mara ya pili, akidhani itazuia mende. Wazee walikuja wengi kuliko siku nyingine, kwa sababu ya halua, wakabanana, wengine wakasimama. Lilikuwa limechoma jua kali la baada ya mvua ya usiku. Ubani ulifuka. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na sahani, na haja ya mkojo niliyoizuia tangu asubuhi, maana wale wa mkeka walikuwa likizo siku ya Ijumaa na hawakuondoka uani.

Nikapitisha sahani. Mzee jirani aliipokea, akaiweka juu ya jiwe katikati yao. Kupitia ufa wa mlango niliona mende mmoja anapanda ukingoni, akatia miguu kwenye halua, akanasa. Mzee alimwona. Wote walimwona. Mzee akamshika kwa vidole viwili, akamtupa nyuma yake, kisha akamega pale pale alipokuwa mende, akatia kinywani.

"Halua hii si ya hapa," alisema akitafuna. "Hii ina mkono wa Tanga."

"Ala, mzee, wajua kuonja," baba alisema, na uso wake ukang'aa.

Sikuwa nimewahi kusema mbele ya wanaume maishani mwangu zaidi ya salamu. Nilisema nikiwa nyuma ya mlango, kwa sauti ambayo hata mimi niliiona ngeni.

"Baba, mmeketi juu ya choo."

Lori moja lilipita kwenye lami kuelekea feri, likapita lote.

"Nini?" baba alisema.

"Choo cha marehemu. Kiko chini yenu. Wote wajua."

Nilimwona baba akigeuka, si kwangu, bali kwao. Aliwatazama mmoja mmoja. Akakuta wote wanatazama chini, kwenye vikombe. Ndipo mzee jirani alipoweka kikombe chake taratibu.

"Mwanangu," alinijibu mimi, ingawa hanioni, "twajua. Mimi na hawa tulikuwa wadogo tukiingia humo kwa kukimbia, cha kwetu kikiwa na mtu ndani. Kilikuwa choo kizuri. Palikuwa na upepo."

"Na wewe hukutoka mapema," mwingine alimwambia, "watu walikuwa wakikungojea nje wakipiga kelele."

Wakacheka. Walicheka ili kumpa baba mahali pa kuchekea pamoja nao, hata mimi nililiona hilo. Baba hakupaona. Alikunywa kahawa yake hadi mwisho, akauliza, "Tangu siku ya kwanza?"

"Tangu siku ya kwanza," mzee alisema. "Kwani ilikuwa hapana haja ya kuja?"

Hakuna aliyeondoka. Waliketi mpaka karibu na adhana ya magharibi kama kawaida yao, wakazungumza habari za bei ya samaki, kisha wakaaga kwa heshima zote na kuomba dua kwa mwenye nyumba. Mzee jirani alipokwenda niliona nyuma ya kanzu yake doa jeusi, bichi, upana wa kiganja.

Baba alirudi kutoka msikitini akakaa chumbani na mama. Ukuta baina yetu ni wa chokaa lakini juu uko wazi, kila kitu husikika.

"Nawe ulijua?"

"Nilijua harufu."

"Mke wangu ajua, majirani wajua, mtoto ajua. Mjinga ni mmoja. Amenivua kanzu mbele za watu."

"Amesema alichokiona."

"Hakuweza kuniita ndani?"

"Aliyekuambia ndani kuhusu choo ni mimi," mama alisema, "na yeye ukamwambia hakikimbii."

Mimi nilijifunika shuka nikajinusa mikono. Sikuwa na majuto. Nilikuwa na kichefuchefu tu, kwa baba, kwa wazee na halua yao, kwa mama aliyeyaweka maneno yale mpaka wengine wamalize kucheka. Na kwangu pia, kwa kuwa niliposikia baba anasema "mjinga ni mmoja", nilijiuliza kwanza kama mawe yatatosha kuta nne.

Asubuhi nilitoka kabla chai haijachemka. Nilijifunga kanga kiunoni na nyingine puani, nikaanzia ncha ya baraza iliyo mbali na mlango. Chokaa ilikuwa bado haijakaza kwa ndani, mawe yaling'oka kwa mikono. Chini yake palikuwa na ute mweusi, na humo funza weupe waliojikunja kwa mwanga. Nililibeba la kwanza kifuani nikalizungusha hadi upande wa vichaka, nikaliweka mahali ambapo mtu hatapita. Nikarudi kwa la pili. Kifua cha gauni kilikuwa kimelowa na niliacha kilowe.

Baba alitoka amevaa msuli na fulana, na kikombe cha chai mkononi. Aliniona. Akaenda akaketi kwenye ile ncha nyingine, akatazama lami na kuanza kuwasalimia wapitao kazini. "Subalkheri." Wakamjibu. Punde mzee jirani akaja na bakora yake, kanzu safi, akasimama akatutazama sote wawili, kisha akaketi kando ya baba.

Niliendelea. Baraza ikawa inapungua kuwafuata. Nilipowafikia niliwaambia shikamoo wote wawili, nikangoja wanyanyue miguu. Mzee alinyanyua. Baba hakunyanyua. Nikaanza na mawe ya upande wa mzee.